Homa Aliyoificha Inspekta

Machinjioni Dagoretti walimwita Bwana Hapana, na yeye hakuona ubaya wowote. Kwa miaka thelathini na mmoja Wahome alikuwa mkaguzi wa nyama, na mkaguzi wa nyama anayependwa na kila mtu, ukimchunguza vizuri, utakuta anakula vya watu. Alifika kabla jua halijachomoza, koti jeupe, gambuti nyeusi, kipimajoto mfukoni, akawapima ng'ombe mmoja mmoja pale ambapo ng'ombe hapendi kuguswa. Aliyepita alipita. Asiyepita, mwenye mali angelia, angetaja majina ya wakubwa, angeleta maini yamefungwa kwenye gazeti, na jibu lingebaki lile lile.

Nyama nayo aliigawa kwa gredi. Hii safi, hii itolewe kipande, hii yote ni ya kutupwa. Ya kutupwa ilimwagiwa rangi na kuzikwa shimoni nyuma ya ukuta, wenye mali wakitazama. Katika miaka yote hiyo Wahome hakuwahi kuona gredi mbaya ikimletea kiumbe heri. Usilisahau hilo, maana ndilo lililokaribia kumwua.

Wachuuzi hawakuwa wajinga. Ng'ombe akishikwa na homa, wengine walimdunga dawa ya kushusha joto njiani, na akifika mlangoni kipimajoto kinasema hana neno. Kwa hiyo Wahome alijifunza kutokiamini kipimajoto peke yake. Alitazama masikio yaliyolala, jasho mbavuni, pumzi, namna mnyama anavyosimama. Wengi aliwanasa. Mmoja tu alimpita, fahali mwekundu, mwaka wake wa nne kazini, na nyama ile ikaliwa kwenye sherehe ya mahari huko Kangemi. Watu kumi na sita walilazwa. Hakufa mtu, lakini Wahome alikwenda kitanda kwa kitanda kuwaomba radhi. Wote walimwambia kosa ni la mchuuzi. Yeye aliona sahihi iliyokuwa kwenye karatasi ni yake, na hadi anastaafu angeweza kukutajia majina yao kumi na sita bila kukosea.

Mwaka wa tatu wa kustaafu, akinyoa ndevu nyumbani kwake Riruta, kidole kiligota kwenye tezi chini ya taya. Mtu mwingine angedhani ni jino. Wahome alikuwa amepasua tezi za ng'ombe kwa maelfu, akizisoma kama wengine wanavyosoma gazeti. Alimaliza kunyoa upande wa pili, akaosha wembe, ndipo akamwita mkewe Mwihaki, ambaye kwake alikuwa Mama Njambi tangu binti yao azaliwe.

"Mama Njambi," alisema, "hii si jino."

Haikuwa jino. Ilikuwa saratani ya tezi. Akapigwa kemo, zile dawa kali za mshipani, mizunguko sita, uvimbe ukaisha, wakamshukuru Mungu kanisani kwa sauti kubwa, na miezi minane baadaye ukarudi na wenzake. Hapo ndipo Daktari Ogutu, kijana mrefu anayeongea polepole, alipomweleza juu ya dawa mpya iliyokuwa ikijaribiwa katika wodi moja ndogo ya hospitali yao, jijini. Si kemo. Ni dawa inayozishika chembe za ulinzi za mwili na kuzielekeza kwenye saratani, kwamba adui ndiye huyu, mbona mnampita. Ilitolewa kwa hatua tatu: dozi ndogo, dozi ya kati, dozi kamili, wiki kwa wiki.

"Iko na shida moja, mzee, na sitakuficha," Ogutu alisema. "Hizo chembe zikiamka, zinamwaga kemikali mwilini kwa pupa. Tunaziita saitokini. Homa inapanda. Ikizidi, presha inashuka. Ikizidi tena, pumzi inakuwa ngumu. Sasa sisi tunaipa gredi, moja mpaka nne. Moja ni homa tu. Nne, hapo dawa tunaacha kabisa."

Ogutu alisema mengine mengi siku hiyo, na mengi ya maana, lakini Wahome hakuyasikia. Alisikia gredi. Alisikia dawa tunaacha. Akilini mwake shimo la nyuma ya ukuta lilifunguka, na kichwa chake cha inspekta kikafunga hesabu hapo hapo: ukipewa gredi, unatupwa. Hakuuliza swali hata moja, kwa sababu mtu mzima aliyewapa wenzake gredi miaka thelathini haulizi gredi ni nini. Kiburi hicho.

Njiani kurudi nyumbani alishuka Riruta, akaingia duka la dawa, akanunua panadol. Alikuwa na kopo la ugoro, ingawa ugoro wenyewe alikuwa ameuacha. Akazimimina tembe humo.

Dozi ya kwanza ilipita bila neno. Ya pili alichomwa Jumanne asubuhi, saa nne, na muuguzi aliyemchoma alikuwa Kalekye, mama wa Makueni, mwembamba, mwenye kalamu tatu mfukoni na sura isiyotaka mchezo. Kila alipokuja kitandani aliuliza maswali yale yale kwa mpangilio ule ule, akapima, akaandika, akasoma tena alichoandika kabla ya kutia sahihi. Wahome alimtazama akifanya hivyo na akampenda. Huyu angefaa machinjioni, alijiambia, na hiyo ndiyo sifa kubwa kuliko zote alizowahi kumpa mwanadamu.

"Mzee, hiyo ni ugoro?" Kalekye aliuliza alipoliona kopo juu ya kabati.

"Liko tupu, sista. Nanusa tu nikumbuke."

"Sawa. Lakini skiza. Usimeze kitu yoyote bila kuniambia. Hata panadol. Ukinifichia homa, mimi hapa nitapima nini?"

"Siwezi, sista," alisema Wahome, na masikio yakamwaka moto. Hakuwa mzoefu wa kusema uongo. Uongo aliuzoea wa kuambiwa.

Jumatano alfajiri aliamka meno yakigongana. Shuka mbili hazikutosha, mifupa ilimuuma hadi kwenye visigino, na shingo ilichemka. Hakuhitaji kipimajoto. Alijua ni homa, na akajua kwamba saa kumi na mbili Kalekye atapita, ataandika moja, na kuandika moja ni kuanza safari ya kwenda nne. Alimfikiria Mwihaki. Alimfikiria Njambi, mwenye mimba ya miezi mitano. Kama dawa hii ingemkataa, Ogutu alikwisha kumwambia ukweli, hakukuwa na nyingine. Basi akafungua kopo, akameza tembe mbili kwa mate, na saa moja unusu akameza nyingine mbili kwa kuwa aliona za kwanza zinachelewa.

Kalekye alichelewa asubuhi ile hadi saa mbili kwa sababu kitanda cha tatu kilikuwa na matatizo yake. Alipofika, homa ilikuwa imeshuka.

"Thelathini na saba nukta moja," alisoma. "Unasikiaje?"

"Niko poa, sista."

"Baridi? Kichwa? Kizunguzungu?"

"Niko poa tu."

Akaandika sifuri. Wahome alijilaza kwenye mto akiwa na furaha ya mwizi aliyepita mbele ya kituo cha polisi. Ikibaki hivyo hadi saa tisa alasiri, angeruhusiwa kwenda nyumbani, na wiki ijayo dozi kamili ingekuwa yake. Mwihaki alikuwa amekwisha kuahidi kuja na nguo safi.

Haikubaki hivyo. Saa nne mkanda wa presha ulipombana mkononi, namba ilikuwa ndogo kuliko ya asubuhi. Saa sita ilikuwa ndogo zaidi, themanini na sita juu, na kile kidude cha kidoleni kikasema hewa ya damu ni tisini na moja. Kalekye aliutoa mkanda wa presha akaufunga kwenye mkono mwingine. Akaenda kuleta mashine ile ya zamani ya kupampu kwa mkono, akapima kwa masikio yake mwenyewe. Jibu likawa lile lile. Akapima joto: thelathini na saba kamili. Akamwita Ogutu.

Wakasimama miguuni mwa kitanda, wakiongea chini chini kama watu wanaobishana kanisani.

"Homa hana," alisema Ogutu. "Tangu jana hajawahi kuwa na homa. Bila homa hatuwezi kusema ni saitokini. Pengine hajakunywa maji. Mpe dripu moja, ikipanda aende nyumbani kama tulivyopanga."

"Daktari, mimi sioni ikikaa sawa," alisema Kalekye.

"Kitu gani?"

"Sijui. Amelowa jasho na joto ni ya kawaida. Na angalia vile amelala."

Ogutu aliangalia. Hakuwa mzembe, lakini karatasi ilikuwa mbele yake, na karatasi ilisema sifuri, sifuri, sifuri. Alimwambia Kalekye aandike gredi hakuna, atie sahihi, na yeye atarudi saa nane. Akaenda kitanda cha tatu.

Kalekye aliinua kalamu, lakini hakuandika. Alibaki akimtazama Wahome, masikio, mbavu zilizolowa fulana, namna kifua kinavyopanda na kushuka, na Wahome, kizunguzungu kikimzungusha dari, alitambua mtazamo ule. Ulikuwa wake. Ndivyo alivyowatazama ng'ombe wa wachuuzi, miaka yote ile, wakati kipimajoto kinasema ndiyo na kila kitu kingine kinasema hapana. Tofauti ni kwamba safari hii mchuuzi ni yeye, na ng'ombe ni yeye.

Angeweza kunyamaza. Saa tisa ilikuwa karibu, na dozi ya wiki ijayo aliitaka kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote duniani. Lakini kalamu ilikuwa inashuka kwenye karatasi, na aliona vizuri kabisa kitakachofuata: yeye anaanguka sebuleni Riruta mbele ya Mwihaki, na mwanamke huyu mwenye kalamu tatu anabaki na sahihi yake chini ya sifuri maisha yake yote, anatembea kitanda kwa kitanda kichwani mwake, kila mtu akimwambia si kosa lake. Hilo Wahome alilijua ladha yake. Asingemlisha mkaguzi mwenzake.

"Sista," alisema. Sauti ilitoka ndogo. "Usitie sahihi hapo."

"Nini, mzee?"

"Fungua hilo kopo."

Kalekye akalifungua. Alitazama ndani, akamtazama yeye, akatazama tena ndani, na uso ukambadilika.

"Umemeza ngapi?"

"Nne. Mbili alfajiri, mbili saa moja unusu. Homa ilikuwa kali sana, sista. Nilikuwa natetemeka kitanda kinalia."

"Mzee wewe!" Wodi nzima ilisikia. "Mzee mzima! Nilikuambia nini? Si nilikuambia? Unajua ulikuwa unaenda nyumbani? Unajua ungekufa kwa nyumba yako, na mimi nimeandika uko sawa?"

"Najua," alisema Wahome. "Ndiyo maana nimekuambia."

Kalekye hakuwa na nafasi ya kumalizia hasira. Alikwisha kugeuka, anaita Ogutu kwa jina, anavuta mtungi wa oksijeni, mkono mmoja unaweka mirija puani mwa Wahome na mwingine unafungua dripu ishuke mbio. Ogutu alifika karibu akikimbia. Kalekye alimpa habari kwa maneno machache, na daktari hakupoteza muda kumlaumu mtu. Homa ilikuwepo, imefunikwa na dawa, basi inahesabika kana kwamba ipo. Kilichobaki ni kuipima kwa presha na pumzi. Presha imeshuka lakini inaitikia maji ya dripu. Oksijeni kidogo ya puani inatosha.

"Gredi ya pili," alisema Ogutu. "Lete ile dawa ya kwenye friji."

Wahome alifumba macho. Pili. Hata ya kwanza hakupewa, akarushwa moja kwa moja. Chozi lilimtoka pembeni ya jicho likaingia sikioni, na hakuwa na nguvu ya kulifuta.

"Kwa hivyo nimetupwa," alisema.

"Umetupwa wapi?" Kalekye alikuwa anaunganisha chupa ndogo kwenye mrija.

"Kwa hii dawa. Nimepata gredi."

Kalekye alisimama. Kwa mara ya kwanza tangu amjue alionekana kama mtu aliyepotea njia. "Mzee, ndiyo maana ulificha? Ulidhani gredi ni ya kukufukuza?"

"Kwetu gredi mbaya huenda shimoni."

"Kwenu wapi?"

Akamwambia. Kwa vipande, pumzi ikikatika, akamweleza kazi yake, na rangi, na shimo la nyuma ya ukuta. Kalekye alisikiliza huku macho yake yakihesabu matone ya dripu, na alipomaliza, alitikisa kichwa, akacheka kicheko kifupi ambacho hakikuwa cha dharau.

"Sasa skiza vizuri, na leo uskize mpaka mwisho. Hapa gredi si ya kukuhukumu. Ni ya kuniambia nikupe nini. Ya kwanza nakupa ya homa, nakaa nakuchunga. Ya pili kuna hii hapa, inaenda kuzituliza hizo kemikali. Ya tatu kuna ICU. Kila gredi iko na msaada yake. Nikiandika sifuri, mzee, sina kitu nakupa. Sifuri ndiyo ilikuwa inakutupa."

Wahome aliitazama ile chupa ndogo ikidondoka. Miaka thelathini na mmoja, na hakuwahi kuwaza kwamba kuna mahali duniani ambapo mkaguzi huandika ubaya wako ili akuokoe.

"Na ile dozi kubwa?" aliuliza mwishowe.

"Tunangoja upone kabisa, presha ikae, pumzi ikae. Halafu unapewa. Pole pole, na mimi nikiwa hapa. Hakuna mtu amekufukuza."

Hapo Wahome alilia, mtu wa miaka sitini na minne, mirija puani, alilia waziwazi, na ndivyo Mwihaki alivyomkuta alipoingia na mfuko wa nguo safi, akitabasamu, amekuja kumchukua mgonjwa wake. Tabasamu lilianguka. Alimsikiliza Kalekye akieleza, akaweka mfuko chini, akamsogelea mumewe. Kwanza alimgusa paji la uso. Kisha akamkaripia.

"Baba Njambi, umewashika wachuuzi nusu ya Dagoretti wakificha homa za ng'ombe, halafu unakuja kuficha homa yako mwenyewe?"

Hata Ogutu ilibidi ageukie dirishani kuficha kicheko.

Ile dawa ya friji ilichukua saa moja kuingia. Kufikia saa kumi presha ilikuwa imepita mia moja, na kesho yake mirija ya puani ikatolewa. Kopo lilikwenda na Mwihaki, bila mjadala. Wahome alikaa wodini siku nne zaidi, na katika siku hizo aliomba karatasi ya gredi, akavaa miwani, akaisoma yote, juu hadi chini, akimuuliza Kalekye kila neno asilolielewa. Maswali aliyopaswa kuyauliza mwezi mmoja uliopita aliyauliza sasa, na mengine ya ziada, hadi Kalekye akamwambia akitaka kuajiriwa aandike barua.

Alirudi wiki mbili baadaye kwa dozi kamili. Kufikia hapo kulikuwa na jambo ambalo yeye na Mwihaki walikuwa hawajamwambia mtu, kwa kuogopa kulitia nuksi: kifungo cha juu cha shati, kilichokataa tangu mwaka jana, kilikuwa kinafunga. Ogutu alimpapasa shingo, akapima kwa rula, akaandika kitu, akasema ni mapema kusema. Lakini alisema hivyo akiwa anatabasamu, na Wahome ni mtu wa kutazama nyuso.

Dawa iliingia asubuhi. Kesho yake, saa mbili, jua likiwa limejaa dirishani, alisikia baridi ikimtambaa mgongoni. Alikitazama kidude cha kidoleni. Akakitafuta kitufe cha kengele, akakibonyeza, na hakukiachia hadi alipoziona zile kalamu tatu mlangoni.

"Sista, andika," alisema. "Baridi ilianza dakika kumi zimepita. Mgongo, halafu magoti. Kichwa kinauma kidogo upande wa kulia. Kizunguzungu hakuna. Pumzi iko sawa, tisini na sita. Sijameza kitu."

Kalekye alipima. Thelathini na nane nukta tatu. Presha nzuri. Akaandika, akasoma alichoandika, akageuza karatasi ili na yeye aione.

"Gredi ya kwanza," alisema. "Umenifanyia kazi yote. Kuna kingine?"

Wahome alifungua kinywa kusema yuko poa. Neno lilikuwa tayari ulimini, kama lilivyokuwa siku zote, kwa wachuuzi, kwa daktari, kwa Mwihaki mwenyewe. Akalimeza.

"Naogopa, sista," alisema. "Tangu ile siku nilikuwa nanyoa. Naogopa sana."

Kalekye aliiangalia karatasi, kana kwamba anatafuta mahali pa kuliandika hilo, na hakupaona. Akairudisha kalamu mfukoni. Akamletea dawa yake ya homa na glasi ya maji, akamsubiri ameze, kisha akavuta kiti karibu na kitanda, akaketi.